Gari Lisiloficha Kosa

Wapendwa, kabla sijaendelea na somo letu, niwape kisa kimoja. Nimekitunga mwenyewe, kwa hiyo msianze kugeuza shingo kumtafuta mwenye gari humu ndani. Na niseme mapema: kinanichanganya hata mimi niliyekitunga.

Tuseme kuna bwana mmoja wa Lushoto, mfanyabiashara wa mbao, mtu wa kanisani, ambaye tangu ujana wake ametamani gari moja tu. Siyo la kubebea mbao! Gari la mbio, jepesi, limelala chini karibu na lami, viti viwili, injini nyuma ya mgongo wa dereva. Basi likaja. Na ndani, ndugu zangu, hamna kitu. Hakuna redio, hakuna kiyoyozi. Gia unaingiza kwa mkono, klachi inataka mguu wa mtu aliyeshiba ugali, usukani mzito, na breki hazina kompyuta ya kukuokoa ukizikanyaga vibaya. Walioliunda wameondoa kila kinachomsaidia dereva, makusudi kabisa, abaki yeye na barabara.

Mnacheka. Majirani zake nao walicheka. Mtu anatoa hela nyingi zaidi ili apewe vitu vichache zaidi? Hata mimi sielewi. Lakini laiti mngemwona akiwa kwenye lami nzuri! Mtu mzima na mvi zake, anacheka peke yake.

Sasa, mnajua desturi yetu. Gari jipya huletwa kanisani liombewe. Jumapili akalileta, akaliegesha karibu na mlango. Wazee wa kanisa walipotaka kuliwekea mikono ikabidi wapige magoti kwenye kokoto, maana paa lenyewe liliwafika mapajani. Kisha akapewa nafasi ya kushuhudia. Akasema, "Bwana asifiwe! Ndugu zangu, magari mengine yanatubembeleza. Ukikosea yanarekebisha kimyakimya, unajiona dereva hodari kumbe siyo wewe. Hili halifichi. Ukikosea linakwambia hapohapo, unasikia mikononi, unasikia mgongoni. Namshukuru Mungu kwa gari linalonieleza ukweli." Watu wakapiga makofi, na mchungaji wake akaitikia amina.

Lakini moyoni hakutulia. Kila tuta alilivuka ameuma meno, na mvua ikianza tu, viganja vinalowa jasho. Akamuuliza mkewe, "Mama Hosiana, hivi nimepata gari au nimejitafutia mtihani?"

Mkewe akajibu, "Sijui, baba. Nikikuona unacheka nafurahi. Nikizifikiria kona za Soni, natamani lirudi lilikotoka."

Nani kati yao yuko sahihi? Nikisimama na mume, naona mke ana haki. Nikihamia kwa mke, nakumbuka kile kicheko cha mume. Msinitazame mimi, sina jibu.

Siku moja wakawa wanapanda kutoka Mombo. Ile barabara mnaijua, huku ukuta wa mlima, huku korongo. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mke akasema, "Baba Hosiana, punguza. Pale mbele pana tope."

Mume akapuuza. Akakanyaga mafuta. Wakaingia kwenye kona, matairi ya nyuma yakateleza, gari likaanza kuelekea korongoni. Akapambana na usukani mpaka akalirudisha barabarani. Halafu, jamani, akaangua kicheko! "Umeona? Limeniambia! Usukani ulilegea tu mkononi, nikajua nimeingia kwa kasi mno."

Mkewe akamgeukia. "Mimi nilikwambia kabla hatujafika."

"Usinifundishe kuendesha! Maneno yako ndiyo yanayonivuruga. Kama unaogopa, shuka."

"Simamisha."

Akasimamisha. Yule mama akashuka na mkoba wake na kitenge chake, akainama sana mpaka uso ukafika dirishani, akasema bila kupaza sauti, "Gari likikwambia umekosea, unalitolea ushuhuda kanisani. Mkeo akikwambia, unamshusha njiani."

Bwana akaondoka. Kona iliyofuata hakucheka. Akaona kuna kitu hakiko sawa. Akasikiliza injini, safi. Akajaribu breki, safi. Akabadilisha gia, ikaingia vizuri kabisa. Akasimama kando, akafungua nyuma, akapima oili, akakagua matairi yote. Gari zima! Lile gari lisiloficha kitu halikuwa na la kumwambia. Wakati amesimama pale, mikono ina grisi, likapita lori tupu linalokwenda kupakia kabichi. Mkewe amekaa mbele pamoja na dereva. Hakugeuza shingo. Na yule bwana akabaki pale, bado anajiuliza kilichoharibika ni nini.

Ninyi mnajua? Kwa nini yeye hajui?

Sasa tuje kwetu sisi. Gari nimeshindwa kulihukumu, sitawadanganya. Pengine ni jema, pengine ni upuuzi, wenye kujua magari watabishana nje. Lakini hili silo la kubishania: sisi tunapenda sana kuambiwa ukweli, ilimradi anayetuambia ni kitu tulichokinunua, tunachoweza kukizima tukichoka. Anayetuambia bure, kwa kuwa anatupenda na tumebeba maisha yake mkononi, huyo tunamwambia shuka.

Wewe, umemshusha nani? Mkeo? Mwanao aliyesema, "Baba, umekunywa tena"? Dada yako aliyekuonya, nawe tangu siku hiyo hujapokea simu yake? Kina mama, msicheke mkiwatazama kina baba. Ninyi nanyi kuna watu mmewaacha barabarani.

Nimezoea hapa kusema tusimame tuombe. Leo siombi bado. Baadhi ya mliowashusha wamekaa humuhumu, ng'ambo ya njia ya katikati, na mmewapita mlangoni bila salamu. Inukeni mkawafuate walipokaa. Na kama wako hayupo humu, toka nje ukampigie simu.

Nendeni. Mimi nitasubiri.