Lango la Kifusi

Hapo zamani, mashine za dhahabu zilipokwisha kuondoka Mwabusiga, ziliacha nyuma mlima wa mawe yaliyosagwa. Wenye mashine walikuwa wakiuita kwa namba. Watu wa Mwabusiga wakauita Kifusi. Hapakuota kitu pale. Kiangazi upepo ulipovuma, vumbi jeupe liliingia ndani ya uji na ndani ya macho ya ndama.

Nyanzobe, mjane wa Maganga, alikaa karibu na Kifusi kuliko wote. Alichoka kufagia. Akatwaa karai, akachota udongo wa kichuguu na samadi ya zizini, akapanda Kifusi navyo kichwani, akachimba mashimo, akayajaza, akasia nyasi. Mvua ikanyesha, nyasi zikaota. Jua likawaka, nyasi zikafa. Akatwaa karai tena.

"Nyanzobe anapika jiwe," wanawake walicheka kisimani.

Naye aliwajibu, "Likiiva nitawaita."

Luhende, nduguye marehemu Maganga, alicheka pia, kisha akaona haya. Akakata miiba, akakizungushia Kifusi ua, akaweka lango moja. Kifusi kikawa ngitili, yaani malisho yaliyofungwa. Mila ya ngitili kila mtu aliijua: mnyama haingii mpaka baraza lifungue, na wa kwanza kuingia ni mifugo ya yule aliyeiotesha.

Jioni moja Shigela, mchunga mbuzi, alikuwa akirudi kutoka mtoni. Mbuzi wake walikuwa wameshiba maganda ya migunga. Akasikia fisi. Akafungua lango la Luhende, akawalaza mbuzi ndani, juu ya udongo laini wa mashimo. Kulipokucha, nyasi za Nyanzobe zilikuwa zimeliwa zote na mashimo yamejaa mavi ya mbuzi. Baraza likamtoza Shigela faini ya beberu, na wazee wakamla beberu huyo.

Mvua zilizofuata, migunga ikachipua. Haikuchipua penye mawe, ilichipua mashimoni tu. Si ile mirefu ya ukingoni mwa mto, bali ile mifupi yenye miiba myeupe, kama ile ya ua wa Luhende. Ilipokua, chini ya vivuli vyake Nyanzobe akasia nyasi mara nyingine, na safari hii hazikufa. Vumbi likakoma.

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Nchi nzima ikawa kavu, isipokuwa Kifusi. Wazee wakapima kwa macho: nyasi zilitosha zizi moja hadi mvua. Zikigawanywa, ng'ombe wote wangekufa, tofauti ni siku tu. Nyanzobe alibaki na Mabaka, ng'ombe wake wa maziwa, na mitamba wake. Mjukuu wake Holo, aliyefiwa na mama akiwa mchanga, aliishi kwa maziwa ya Mabaka. Nyanzobe akamleta ng'ombe hadi langoni, akasimama naye.

Dilu, mwenyekiti wa baraza, akasema, "Kila mtu aseme lake."

"Kabla ya karai langu palikuwa na nini?" akauliza Nyanzobe. "Mbegu ingeota wapi, juu ya jiwe? Shingo yangu hii haigeuki tena kushoto."

"Shemeji, sikukatalii," akasema Luhende. "Lakini bila ua, kila chipukizi lingeliwa. Mwezi uliopita ng'ombe wangu walikufa nje ya miiba hii, wakitazama nyasi, nami sikufungua. Hawa waliobaki nao wafe wakitazama?"

Shigela akasema, "Dada alipanda nyasi, zikafa. Kaka alilinda udongo mtupu. Miti ilitoka kwa mbuzi wangu. Mlimla beberu wangu kwa kosa lile. Leo kosa limekuwa msitu, nanyi mmekaa kivulini mwake."

"Basi waje mbuzi wenyewe wadai!" akafoka Luhende. "Wewe ulikuwa unamkimbia fisi."

"Nilimkimbia, ndiyo. Nao wamebaki hawa, wana njaa kama ng'ombe wako."

Watu wakacheka. Mabaka alikuwa amepitisha kichwa juu ya lango, akiunyoosha ulimi, na nyasi hazikufikika. Nyanzobe hakumvuta nyuma. Alimtazama Dilu, na Dilu alikuwa ameshika mti wa komeo.

Komeo lile hufunguliwa mara moja, kwa zizi moja. Ninyi mliosikia, mwambieni Dilu: Kifusi kiliota kwa mkono wa nani? Je, nani alistahili kuingia?