Kiputo Chini ya Pete

Ndugu zangu, palikuwa na mama mmoja mfinyanzi, ila msimfikirie wa vyungu na mitungi. Huyu alifanya kazi kwenye karakana ya kauri angavu, ile unayoweza kuiweka juu ya gazeti ukasoma habari zote mpaka matangazo ya vifo. Vipande vyake, vidogo kama kifungo cha koti, viliwekwa ndani ya mashine za leza za kutibia macho. Mwale wa leza huzaliwa humo ndani ya kauri ndipo utoke.

Kazi hiyo haitaki papara. Unga huchekechwa, hukaushwa, hushindiliwa, kisha huokwa kwenye tanuri lililonyonywa hewa yote. Unyevu kidogo ukibaki, kauri hutoka na kiputo ndani. Na karakana ile ilikuwa na desturi yake: kipande chako kikiwa na kiputo, unasimama mbele ya wenzako unakivunja kwa nyundo, wewe mwenyewe. Kwa miaka tisa yule mama hakuwahi kuishika nyundo. Sifa yake yote ilikuwa hapo.

Wiki moja akaharakisha kukausha unga. Kipande kikatoka kinang'aa. Akakiinua kwenye taa, akaona kiputo, kidogo kuliko chembe ya chumvi, pembeni kabisa. Akawatupia wenzake jicho, hakuna aliyemtazama. Basi akakisugua, akakivika ile pete ya chuma ya kukishikilia ndani ya mashine, na pete ikafunika ukingo wote.

Mkaguzi akaja. "Mama, hiki nacho kiko salama?"

"Mwanangu, tangu lini umenikuta na kibovu?"

Mkaguzi akacheka. "Kweli, kukukagua wewe ni kukuvunjia heshima." Akatia sahihi bila hata kuivua ile pete.

Niambieni, hapo mama alisema uongo gani? Hata mmoja hamtauona!

Kipande kikatiwa kwenye mashine ya hospitali, ikajaribiwa kwa mwanga mdogo, safi. Mwezi mzima, safi. Mama akapumua. Ndipo akaletwa fundi cherehani mmoja, jicho lake limeharibika sana, daktari akalazimika kuongeza nguvu. Joto likajikusanya kwenye kiputo, kauri ikapasuka, mwale ukaenda kombo kwa unene wa unywele tu. Unywele! Lakini jicho nalo ni kubwa kiasi gani? Na fundi yule alikuwa amebakiwa na hilo hilo moja.

Habari ilipofika karakanani, mama alikaa chini sakafuni. "Ningekivunja," akawa anasema. "Mama yangu wee, si ningekivunja tu!"

Sisi tunakuja hapa kila ibada, tunainua mikono, tunaomba: Bwana, pitisha nuru yako ndani yetu. Tunajua tunachokiomba? Kwa mwanga mdogo sote tu safi, nami ninayesema nanyi nikiwa wa kwanza. Nilipokuwa kijana niliogopa kwamba siku moja Mungu angenipasua. Siku hizi siogopi hilo. Kauri ilipopasuka haikusikia uchungu wowote, ilifagiliwa ikatupwa. Ninamwogopea yule aliyelazwa mbele yetu, aliyefumbua jicho lake moja kwa sababu aliambiwa kwamba sisi tuko salama.