Pimbi Awatembeza Wageni Nchi ya Viboko

Hapo zamani za kale, na wewe uliyeko nyuma acha kumfinya mwenzio, Pimbi alihama milima ya mawe akaenda kukaa nchi ya viboko, kando ya mto.

Hakuhama kwa kupenda. Kule milimani tai walimchukulia watoto wawili, wa pili mbele ya macho yake, fyuu! Akamchukua mkewe na Tunu, mtoto aliyebaki, wakatembea mpaka miguu ikavimba, wakampigia hodi Mfalme Kiboko.

"Kaeni," Kiboko akawaambia. "Majani tele, na tai huku hawaji. Ila jua likiwa utosini mimi nalala. Atakayenipigia kelele, awe wewe au mgeni wako, wewe ndiye utakayefunga virago."

"Ndiyo, Mfalme," akaitikia Pimbi, na tangu siku hiyo kila adhuhuri alitembea kwa ncha za vidole.

Tatizo lilikuwa mdomo. Kila ndege aliyekuwa akielekea milimani, Pimbi alimpa salamu: "Waambie huku mimi ni mkubwa! Mfalme ni mtu wangu, tunakula sahani moja!"

Uongo mtupu. Hata mkono Mfalme hajawahi kumpa.

Basi siku moja asubuhi, hao! Nyani na Fisi, rafiki zake wa tangu utotoni. Wakubwa, wenye nguvu, na hajatokea wa kuwaambia nyamazeni wakanyamaza.

"Hodi, wenye mji!" Nyani akabweka. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

"Karibuni... karibuni polepole," akasema Pimbi, jicho moja kwa wageni, la pili mtoni. Akaona wazi kwamba kwa wageni hawa mwenyeji haponi.

"Shemeji, umenenepa!" Fisi akamwambia Bi Pimbi, akaangua kicheko chake, kwii-kwi-kwi-kwii!

Bi Pimbi akamvuta mumewe pembeni. "Baba Tunu, hawa watatuhamisha. Nirudi kwa tai mimi? Na mtoto huyu?"

"Nitawatembeza mbali na mto. Wakichoka watalala, wakiamka wataenda zao."

Akawatembeza kweli kweli. Nusu ya aliyowaonyesha hakuyajua, lakini nani atakubali kuitwa mwenyeji asiyejua kwake?

"Mti huu ni wa nini?" akauliza Nyani.

"Huo? Wa dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya... ya maradhi."

"Na ndege yule mweupe, mbona kasimama mguu mmoja?"

"Amekatazwa kuuweka chini. Twendeni, twendeni!"

Hakutulia hata kidogo. Akitazama jua, limepanda. Akitazama mto, uko karibu kuliko alivyodhani. Kila Fisi alipofungua kinywa kucheka, Pimbi alimtumbukizia tunda, na Fisi, mnamjua, hakatai kitu. Lakini matunda nayo yakaisha.

"Haya, miti tumeona," Nyani akasema akijikuna. "Sasa tupeleke kwa Mfalme."

"Mfalme? Leo? Leo ana kazi nyingi."

"Si mnakula sahani moja?" Nyani akamkazia macho. "Au ulitudanganya? Maana tukirudi nyumbani watatuuliza."

Hapo Pimbi angesema kweli, mambo yangekwisha. Lakini aibu! Aliona heri kufa kuliko kuchekwa na milima mizima.

"Twendeni," akasema. "Lakini kimya! Hata kupiga chafya msipige."

Wakafika. Jua utosini. Mfalme Kiboko amelala majini, mgongo tu ndio unaonekana.

"Lo!" akasema Fisi. "Huyu ni mfalme au jiwe?" Kwii-kwi-kwi-kwii!

Maji yakatikisika, gubu! Kiboko akainua kichwa, akapiga mwayo.

Na mwayo wa kiboko, watoto wangu, si wa usingizi. Kiboko akipiga mwayo anakwambia: nimekuona, na nimekasirika. Akirudia wa pili, hasemi tena.

"Masikini, ana usingizi," akasema Nyani. "Mwambie akalale!"

Fisi mbavu hana.

Pimbi akayaona yale meno, makubwa kama michi. Akamwona akilini Tunu, kule milimani juu ya jiwe tupu, na kivuli cha tai kinakuja. Na akili yake, ambayo siku zote ilikuwa na mbio kuliko miguu, ikafyatuka.

"Laleni kifudifudi!" akanong'ona kwa ukali. "Uso ndani ya tope! Mila ya hapa hiyo, asiyelala hutafunwa!"

Puu! Nyani chini. Puu! Fisi naye. Kicheko kikazama topeni, bwl-bwl-bwl, kikafia humo. Tope likawajaa masikioni, wakawa hawasikii lolote.

Kiboko akapanda ukingoni, ti! ti! ti! "Nini hii?"

"Mfalme wangu," akasema Pimbi kwa sauti ya chini, "ni wageni wangu kutoka milimani. Walipokuona walilia kwa furaha, ndiyo kelele uliyoisikia. Na mila ya kwetu, mkubwa huamkiwa hivyo, uso chini."

Kiboko akawazunguka mara mbili. Tangu awe mfalme hakuna aliyewahi kuzika uso wake topeni kwa ajili yake.

"Ala! Kumbe milimani kuna adabu hivi?"

"Adabu tupu, Mfalme."

"Basi kelele nimesamehe. Kaa kwako."

Pimbi akashusha pumzi. Alitaka kuruka kwa furaha! Akageuka ili awainue wageni waondoke haraka.

"Wewe, Pimbi."

"Labeka, Mfalme."

"Na wewe si wa huko huko milimani?"

"Ndiyo, Mfalme."

"Misimu yote hii umekula majani yangu. Mbona hujaniamkia hivyo hata siku moja?"

Pimbi akapiga magoti. Akalala, akausogeza uso wake topeni taratibu.

"Na mkeo," akasema Kiboko. "Na mtoto. Kila asubuhi, kabla hamjala."

Kesho yake wageni wakaondoka, na njia nzima wakawa wanasimulia. "Nchi nzuri," alisema Nyani, "lakini watu wake wana mila za ajabu! Masikini Pimbi, sijui atazizoea lini."

Asubuhi hiyo hiyo Bi Pimbi alikuwa akimfuta Tunu tope puani. "Baba Tunu," akauliza, "mila hii ni ya wapi?"

"Ya hapa," akajibu Pimbi, bila kumtazama.

Haya, nimemaliza, nendeni mkanawe nyuso: atungaye mila kwa ajili ya wengine, ataifuata mwenyewe.