Fomu Themanini za Profesa Kiboko

Nimekuja na ngano!

— Ishushe tuione!

Nikiishusha itakimbia.

— Tutaikamata mguu!

Basi sogeeni, msiniache nipige kelele peke yangu.

Hapo zamani, ingawa si zamani sana kwa sababu fomu zilikuwa zimeshaanza, wanyama walikuwa na chuo kikuu. Chuo kilijengwa ukingoni mwa Mto Lumbwe, na wanafunzi wote walitoka ng'ambo. Siku ya kuja, mtumbwi wa chuo uliwavusha. Siku ya kurudi hapakuwa na mtumbwi. Mhitimu alitakiwa kuvuka mwenyewe, kwa sababu hicho ndicho alichosomea miaka mitatu: Uvukaji wa Mito.

Somo hilo lilikuwa na mwalimu mmoja, Profesa Kiboko.

Chuo kilikuwa pia na mabwawa mawili. Bwawa la Chini lilichimbwa ili wanafunzi wajifunze kuogelea. Profesa Kiboko alilizungushia ua wa miiba na kutundika kibao: LIKO KWENYE MATENGENEZO. Matengenezo yalikuwa na miaka tisa. Kila siku jua lilipofika utosini, Profesa alipita kwenye ua, chubwi! akalitengeneza bwawa kwa tumbo lake hadi jioni. Bwawa la Juu lilikuwa na kivuli na magugu maji, na halikuwa na mwenyewe. Profesa aliandika barua nne kuliomba.

Asubuhi alikuwa darasani na daftari lake. Kiboko anasoma, wanafunzi wanaandika.

"Hatua ya kwanza. Mvukaji aukabili mto. Nukta. Aya mpya."

Kwaru, kwaru, kwaru.

"Hatua ya pili. Mvukaji atangulize mguu wa mbele. Nukta. Aya mpya."

Kwaru, kwaru, kwaru.

Kiboko anakohoa, hoo! hoo! Wanafunzi wanaandika: hoo, hoo.

Mtihani ulikuwa na swali moja kila mwaka: taja hatua kumi na mbili za kuvuka mto. Aliyezitaja kama zilivyo, na kikohozi mahali pake, alipata A. Siku ya mahafali wahitimu walikwenda mtoni na vyeti vyao midomoni. Hatua ya kwanza waliifanya vizuri wote. Hatua ya pili waliifanya vizuri wote. Kwenye hatua ya tatu mto uliwachukua, puruuu, ukawatupa kwenye mchanga huko chini, wakiwa hai lakini bila vyeti. Walirudi chuoni kwa miguu wakaomba kazi ya ukarani. Chuo kilikuwa na makarani mia mbili.

Mpo?

— Tupo!

Sasa katika darasa hilo alikuwamo Pimbi. Pimbi ni mdogo, hana mkia, na ana tabia ya kuuliza. Mwaka wa kwanza aliuliza, "Profesa, hatua ya saba inasema mvukaji apumue. Apumue wakati gani?" Kiboko akamjibu, "Aya mpya." Kwenye mtihani Pimbi aliandika: "Sijui, kwa sababu sijawahi kulowa." Akapata sifuri. Akarudia somo. Akaandika tena alichokijua, akapata sifuri nyingine.

Sifuri ya tatu ilikuwa kudisko, yaani kuondolewa masomoni. Aliyedisko naye hakupewa mtumbwi. Alibaki pale pale akifagia ukumbi, makarani wakimtuma chai. Na kila asubuhi Pimbi aliwasikia mama yake na ndugu zake wakimwita kutoka kwenye majabali ya ng'ambo: kii! kii! kii! Aliwaona, wakiwa wadogo kama punje. Mto ulikuwa katikati.

Rafiki yake Ngiri alimshauri. "Ndugu yangu, kariri. Mbona sisi tunakariri?"

"Ukishakariri utavuka?"

"Nitapata A."

"Nimeuliza kama utavuka."

Ngiri alijikuna sikio. "Hilo halimo kwenye notisi," alisema.

Ikafika siku ya tathmini. Kila mwisho wa mwaka wanafunzi walijaza fomu kueleza mhadhiri anafundishaje. Fomu zilijazwa mhadhiri akiwa mbele yao, amewakodolea macho, kisha mwenyewe alitia sahihi chini ya kila moja kuthibitisha kwamba hakumtisha mtu. Maswali yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa la kuweka alama: mbaya, wastani, bora. Wote themanini waliweka alama kwenye bora. La pili lilisema: Eleza kwa maneno yako mwenyewe. Hilo hakuna aliyewahi kulijibu. Darasa lile halikuwa na maneno yake lenyewe. Lilikuwa na ya Kiboko tu.

Pimbi alisimama. "Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Nani anasema? Sioni mtu."

"Ni mimi, Pimbi."

"Ahaa, asiye na mkia. Unataka kuuliza tena?"

"Hapana, Profesa. Leo sina swali. Nasikitika tu kwamba sifa zako hazijaandikwa. Wenzangu wanazijua, ila hawajui pa kuanzia. Ukiniruhusu, nitawasomea, waandike."

Kiboko alifikiri. Katika miaka mitatu hilo lilikuwa jambo la kwanza la maana kutoka kwa Pimbi. "Soma," alisema, akafumba macho ili asikie vizuri.

"Profesa Kiboko ni mwalimu mkubwa," Pimbi alisoma. "Nukta. Aya mpya."

Kwaru, kwaru, kwaru.

"Hana mfano tangu chemchemi ya Lumbwe mpaka baharini. Nukta. Aya mpya."

"Rudia hiyo ya mfano," alisema Kiboko.

Pimbi akarudia. Wanafunzi wakaandika mara mbili. Jua likafika utosini. Kiboko alifumbua macho, akalitazama, akajivuta mlangoni. "Endeleeni hivyo hivyo. Mkimaliza mniletee bwawani nitie sahihi." Ndi, ndi, ndi, akaondoka.

Pimbi akaendelea, hakubadilisha hata sauti.

"Profesa huingia majini pamoja na sisi. Nukta. Aya mpya."

Kwaru, kwaru... Kalamu ya Ngiri ikasimama. "Pimbi, wewe! Hiyo si kweli."

"Nukta," alisema Pimbi. "Aya mpya."

Mkono wa Ngiri ukaandika wenyewe. Ulikuwa umezoea.

"Aliyechoka humbeba mgongoni. Anayezama humwinua kwa pua. Hufanya hivyo kila siku, Bwawa la Chini, jua likiwa utosini. Nukta. Mwisho."

Pimbi alizikusanya fomu themanini, akazipeleka bwawani. Kiboko alikuwa ametoa pua na masikio tu. Alichukua fomu ya kwanza, akasoma mstari wa kwanza: Profesa Kiboko ni mwalimu mkubwa. Akatabasamu, akagonga sahihi kwa mguu uliolowa. Pwa! Akachukua ya pili, akasoma mstari wa kwanza. Pwa! Mistari ya kwanza themanini ilimchosha. Alirudi majini akalala.

Mpo au mmelala naye?

— Tupo, lete!

Mwaka huo chuo kilikuwa na Makamu Mkuu mpya, Mama Twiga. Waliomtangulia walihesabu alama tu, wakafunga kabati. Huyu alisoma. Alisoma fomu ya kwanza, akainua kichwa. Akasoma ya pili. Akasoma zote themanini, na zote zilisema jambo moja kwa maneno yale yale.

"Mashahidi themanini," alisema, "na hakuna aliyepishana na mwenzake hata nukta." Akaagiza Profesa aitwe.

Kiboko alifika akihema. Mama Twiga aliinamisha shingo mpaka wakatazamana.

"Profesa, kila adhuhuri nasikia chubwi nyuma ya ule ua, nikawa najiuliza. Kumbe unafundisha! Hujatangaza, hujajisifu. Bwawa la Juu uliliomba?"

"Mara nne, Mheshimiwa."

"Ni lako. Kesho nije nione kipindi kimoja, nitie sahihi."

Kiboko alifungua mdomo kuuliza kipindi gani. Akalifikiria Bwawa la Juu, kivuli chake na magugu maji yake. Akafunga mdomo. "Karibu, Mheshimiwa," alisema.

Akaenda moja kwa moja mpaka kwa Pimbi na fomu mkononi. Safari hii alikuwa ameisoma yote.

"Wewe kipande cha mnyama! Nani aliandika haya?"

"Sisi, Profesa. Ukatia sahihi."

"Ni uongo!"

"Basi twende kwa Mama Twiga tukamwambie," alisema Pimbi kwa upole. "Tumwambie afute mstari wa nne, ni uongo. Wa tano, ni uongo. Halafu atauliza na huu wa kwanza, kwamba wewe ni mwalimu mkubwa. Huo tumwambieje?"

Kiboko aliikunja fomu. Akageuka, akaenda kung'oa ua wa miiba.

Asubuhi wanafunzi themanini walijipanga ukingoni mwa Bwawa la Chini. Mama Twiga alisimama nyuma yao, akiona kila kitu bila kusogea. Kiboko aliingia majini, chubwi! na mazoea yakamshinda. Akafungua daftari.

"Hatua ya kwanza. Mvukaji alikabili bwawa."

Wote wakalikabili.

"Hatua ya pili. Mvukaji atangulize mguu wa mbele."

Wote wakatanguliza mguu wa mbele.

"Hatua ya tatu."

Hakuna aliyesogea. Wote walikuwa wamesikia habari za hatua ya tatu.

Pimbi alitazama maji. Uongo ule ulikuwa wake, na aliyeuandika alikuwa hajui kuogelea. Ng'ambo ndugu zake waliita: kii! kii! Akaruka.

Tumbwi!

Akazama. Mapovu yalipanda, bu, bu, bu, kisha yakakoma. Ngiri alianza kulia. Mama Twiga alishusha shingo.

Kiboko aliliachia daftari. Alishuka chini, akatoka na Pimbi juu ya pua.

"Usiyapige maji!" alifoka. "Yamekukosea nini? Yaache. Inua pua. Pumua sasa. Si hapo! Sasa! Ukisukuma miguu unapumua, ukikunja unafunga mdomo. Haya, sukuma. Kunja. Sukuma."

Maneno hayo hayakuwamo katika hatua kumi na mbili. Pimbi alisukuma, akakunja, akasukuma. Kiboko aliondoa pua taratibu. Pimbi hakuzama. Alizunguka mara moja kama jani, kisha akaenda mbele.

"Wewe Ngiri!" aliita Kiboko. "Unalilia nini? Ingia. Mkia juu, pua juu. Usinishike sikio, shika mgongo!"

Ngiri akaingia. Swala akaingia. Wakaingia wote. Kiboko aliwapita mmoja mmoja, huyu akimwinua tumbo, yule akimgeuza shingo, na kila mmoja alimwambia jambo lake, kwa sababu miguu ya Swala si miguu ya Ngiri. Aliyajua maji yale kuliko mnyama yeyote. Kwa miaka tisa Pimbi peke yake ndiye aliyemuuliza, na Kiboko hakumwambia mtu. Jua lilifika utosini likapita, na Profesa hakulitazama. Jioni alisimama katikati ya bwawa, matope mpaka masikioni, akasema maneno ambayo darasa lile lilikuwa halijawahi kuyasikia kutoka kwake:

"Nani bado hajaelewa?"

Daftari lilikuwa chini kabisa. Wino wake uliwapaka wanafunzi buluu kidogo.

Mama Twiga alitia sahihi. "Profesa, sijawahi kuona kipindi kama hiki. Bwawa la Juu ni lako kuanzia kesho. Asubuhi mwaka wa kwanza, adhuhuri mwaka wa pili, jioni mwaka wa tatu. Mabwawa yote mawili. Na makarani mia mbili wameomba kurudia somo. Nimewakubalia."

"Na mimi nitaoga wapi?" aliuliza Kiboko.

"Si uko humo siku nzima?" alisema Mama Twiga, akaondoka zake.

Mtihani wa mwaka huo haukuwa na karatasi. Kiboko alisimama katikati ya Mto Lumbwe, na kila mwanafunzi alipita mbele yake. Ngiri alipita akipiga chafya. Makarani walipita kwa mafungu. Pimbi alikuwa wa mwisho. Maji yalimsukuma kushoto, akasukuma miguu. Yakampiga usoni, akafunga mdomo. Alipofika katikati alichoka, akamtazama Kiboko. Kiboko alikuwa na mgongo mpana, hatua mbili tu kutoka hapo.

"Nikubebe?" aliuliza Kiboko.

"Ukinibeba unanipa ngapi?"

"Sifuri."

"Basi nipishe," alisema Pimbi.

Kiboko akampisha. Akamsindikiza kwa macho mpaka ukingo wa pili, kiumbe kile kidogo kikapanda kwenye jiwe, kikajikung'uta, kikang'aa juani. Profesa aliinua sauti kutaja alama, hoo! hoo! lakini Pimbi hakungoja. Alikuwa amekwisha kimbilia majabalini, na kelele za nyumbani kwao zilisikika mpaka chuoni.

Ngano imefika hapo, mimi naituma kwenu.

— Tumeipokea!

Nanyi msiende bila fundisho. Ngano hii inatufundisha kwamba fomu ijazwe ukweli mtupu, na mwanafunzi asidiriki kumsingizia mwalimu wake mema asiyoyatenda. Tazameni uongo ulivyoleta hasara: Profesa wa watu hana usingizi wa mchana, ua uliojengwa kwa jasho umeng'olewa, na chuo kizima, nawaambia kwa masikitiko, hakina karani hata mmoja.