Mlango Ambao Haukugongwa

Wapendwa, kaeni. Leo sitawachosha. Elimu yangu mnaijua, na siku mkiniona nimeshika karatasi nyingi hapa mbele mjue nimepotea njia. Nitawasimulia habari ya gari, kisha tutaulizana wenyewe kwa wenyewe.

Palikuwa na mtu aliyelipenda gari lake. Si gari la kubebea mchanga wala la kupelekea watoto shule. Lilikuwa gari la spoti, la milango miwili, la chini chini, hata ukitaka kuingia sharti uiname kama unaingia banda la kuku. Rangi yake ilikuwa damu ya mzee, lakini damu ya mzee yenye chembechembe ndani, jua likizipiga zinametameta kama mchanga wa mtoni. Mtoto akiligusa, yeye alitoa leso akapafuta. Msicheke. Kila mmoja wetu ana kitu chake anachokifutia leso.

Mtu huyu alikuwa na mdogo wake, tumbo moja, akiishi naye uani. Mtu mzima, ana mikono, ana akili, ila ana papara. Siku moja kaka yake akiwa msibani, yule mdogo akautungua ufunguo ukutani, akatoka na gari. Kwenda wapi? Kuringa tu. Alitaka wenzake wa kijiweni wamwone. Na wakamwona kweli, maana alipokata kona mbele yao aliukosea upana wa lile gari, akaupigiza ubavu wa mbele, pale juu ya gurudumu, kwenye nguzo ya mashine ya kusaga. Yeye hakuumia. Nguzo haikuumia. Ubavu wa gari ukabonyea kama sufuria iliyokanyagwa na ng'ombe.

Kaka aliporudi hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Toka kwangu," alisema.

"Kaka, nimekosa. Nisamehe."

"Nimekusikia. Sasa nenda. Siku nitakapolitazama gari hili nisione palipogongwa, siku hiyo utarudi. Nikipaona, hujarudi."

Na wakati huo zilikuwa zimebaki wiki chache tu binti wa yule kaka afanyiwe sherehe ya kuagwa kabla ya harusi. Mnajua ilivyo. Mshereheshaji anashika kipaza sauti, anawaita wazazi, wanasimama. Anawaita baba wadogo, wanasimama. Mashangazi, wajomba, wote wanasimama, ili upande wa pili waone kwamba binti huyu hakuokotwa, ana watu. Sasa binti huyu alikuwa na baba mdogo mmoja tu. Ndiye aliyemshikia baiskeli akijifunza, ndiye aliyemtetea kwa baba yake alipochelewa kurudi. Kwa hiyo lile gari likawa limebeba kitu kizito kuliko abiria. Ubavu ukipona, binti ana baba mdogo kwenye sherehe yake. Usipopona, hana. Tunakwenda pamoja?

Gari likapelekwa gereji. Fundi rangi wa pale alikuwa mtu wa mdomo, mwenye kujisifu kuliko jogoo. Akasema, "Bosi, nikimaliza kazi hii, hata ile nguzo itasahau." Wakaunyoosha ubavu kwa nyundo, wakaujaza puti ya kuziba mabonde, wakaupiga msasa mpaka ukawa laini kama shavu la mtoto. Kisha fundi akasoma namba ya rangi kwenye kibati cha kiwandani, akachanganya kama namba ilivyotaka, akapuliza. Ndani ya banda, chini ya taa, hakuna aliyeona tofauti. Yule mdogo, ambaye alikuwa akishinda pale gereji kana kwamba mgonjwa wake amelazwa, akacheka hadi akakaa chini. Kaka akaitwa, wakalisukuma nje, juani.

Loo! Juani ubavu ulikuwa unapiga kelele. Wenyewe mwekundu mbichi, na mlango ulio jirani yake mwekundu uliochoka.

"Fundi," kaka akasema, "hii ndiyo nguzo imesahau?"

Fundi akajikuna shingo. Mdomo ulimpungua kidogo. "Namba ni yenyewe, bosi. Sikukosea namba."

"Kwa hiyo kilichokosea ni nini? Macho yangu?"

"Ni gari, bosi. Nami nilipaswa kulijua hilo kabla ya kupuliza. Limekaa juani miaka mingi. Hii niliyoipuliza ndiyo rangi liliyozaliwa nayo, lakini gari lenyewe halina tena rangi hiyo. Hakuna aliyegundua, maana lilififia lote kwa pamoja."

Lilififia lote kwa pamoja. Mwenye gari alilifuta kwa leso kila siku na hakuona. Angeonaje? Mlango ukijilinganisha na boneti, boneti nayo imefifia. Boneti ikijilinganisha na mlango, ni yale yale. Kila mmoja anamtazama mwenzake na kusema, mbona tuko sawa!

Basi fundi akaanza upya. Akawa anachanganya kidogo kidogo, anapuliza kwenye vipande vya bati, anavipeleka juani na kuviweka mlangoni. Yule mdogo ndiye aliyekuwa akivishika. "Imezidi weusi." "Hii imepoa mno." "Hebu kigeuze upande huu." Mpaka siku moja fundi akasimama, akakunja macho, akasema, "Hapa nimefika. Mkono wa binadamu hauwezi kwenda mbele zaidi ya hapa." Akampigia mwenye gari simu aje.

Alipokuja, fundi akamwambia, "Bosi, rangi ninayo. Sasa nipe na mlango."

"Mlango una nini?"

"Hauna kitu."

"Uligongwa?"

"Haukugongwa."

"Una mkwaruzo?"

"Hata wa kucha hauna."

"Basi usiuguse."

Fundi akavuta pumzi. "Bosi, nisikilize. Rangi ya chembechembe namna hii hairudiwi ikawa ile ile kabisa. Ukiziweka mbili bega kwa bega, hata zikikaribiana vipi, jicho linaona mpaka. Dawa ni kuuondoa mpaka. Nauchubua mlango kidogo kwa msasa laini, ile ngozi ya juu tu. Halafu napuliza kuanzia ubavuni, rangi iingie mlangoni ikiwa nyembamba, nyembamba zaidi, mpaka iishe yenyewe bila kuaga. Juu yake klia ya kung'arisha, inavifunika vyote viwili pamoja. Hapo kesho ukiniuliza mimi mwenyewe palipogongwa, nitakuonyesha upande usio wenyewe."

"Yaani ulioharibika ni ubavu, unataka kuchubua mlango?"

"Ndiyo kazi ilivyo."

"Mlango huu ni wa kiwandani. Haujaguswa na fundi yeyote tangu nilinunue gari hili, na hautaguswa."

Yule mdogo, bado ameshika kipande cha bati, akasema polepole, "Kaka, tafadhali. Binti yetu anaagwa Jumamosi."

"Nyamaza wewe. Wewe na huo ubavu ni kitu kimoja."

Fundi akafanya alivyoagizwa. Akapaka ubavu peke yake, kwa ile rangi aliyoihangaikia, na kazi ikawa nzuri sana. Gari likatolewa nje. Mpaka ulikuwepo, mwembamba kama uzi. Wewe na mimi tungepita tusiuone. Lakini mwenye gari hakuwa anapita. Alikuwa anatafuta. Akatembea huku, akainama kule, akarudi nyuma, akafunika jicho moja.

"Napaona," akasema.

Mdogo wake akamwelewa. Akaweka bati chini, akaondoka. Hakuaga mtu.

Fundi akamfuata mwenye gari mpaka dirishani. "Bosi, nikwambie, ukitaka kukasirika ukasirike. Palipogongwa pamekwisha. Hicho unachokiona si ajali. Ni mlango uliokataa."

Yule kaka akawasha gari, akaenda zake.

Jumamosi ikafika. Gari lilimleta binti ukumbini, likiwa limefungwa maua. Wageni wakalizunguka, wakapiga nalo picha, wengine wakaegemea pale pale ubavuni. Mwenye gari alisimama karibu akingoja aulizwe, maana jibu alikuwa nalo tayari: ni mdogo wangu, mpumbavu yule. Hakuna aliyeuliza. Hakuna aliyeona kitu.

Wakaingia. Utambulisho ukaanza. Wazazi wakasimama, vigelegele. Kisha mshereheshaji akatangaza, "Sasa namwomba baba mdogo wa binti yetu asimame tumwone!" Muziki ukapigwa. Shingo zikageuka. Hakuna aliyesimama. Mshereheshaji, kwa kuwa kazi yake ni mizaha, akasema, "Baba mdogo! Au bado anaegesha gari?"

Ukumbi ukacheka. Binti hakucheka. Alimtazama baba yake, mara moja tu, kisha akainamisha uso.

Ndugu zangu, ubavu wa gari haukuonwa na yeyote. Lakini ile nafasi tupu, ukumbi mzima uliiona.

Jumatatu asubuhi gari likarudi gereji. "Fundi," kaka akasema, "chubua mlango."

"Sherehe si imepita, bosi?"

"Imepita. Chubua."

Na hakungoja rangi ikauke. Hakungoja kulitoa juani aone kama panaonekana au hapaonekani. Alimwachia fundi ufunguo, akatembea kwa miguu hadi kwenye chumba alichopanga mdogo wake, akabisha hodi mwenyewe. Alimrudisha nyumbani. Lakini jina lake lilikuwa limekwisha kuitwa mbele za watu, na jina la namna ile huitwa siku moja tu.

Sasa sisi.

Sisi hapa ni mlango. Simaanishi wote, wako kati yetu waliogongwa na wanajijua, na hao leo nawaacha wapumzike. Nasema na sisi tusiogongwa. Mimi sikuiba. Sikulewa. Sikuvunja ndoa ya mtu. Ni kweli, wala hakuna anayekusingizia. Lakini nani amekuambia rangi yako bado ni ya kiwandani? Upendo uliokuwa nao mwaka ule ulipobatizwa, unao leo? Yale machozi ya kwenye maombi yako wapi? Tumefifia, wapendwa. Tumefifia wote kwa pamoja, tena benchi moja, ndiyo maana hakuna anayemshtukia mwenzake. Halafu anarudi mtu aliyeanguka, ametubu juzi, bado anawaka, na sisi tunamwambia, mbona wewe hufanani nasi?

Wala sisemi kosa si kosa. Ubavu ulinyooshwa kwa nyundo kabla ya kupakwa rangi, na nyundo inauma. Mtu atubu, aache, arudishe alichoharibu. Lakini akishanyooshwa, akishapakwa, kazi iliyobaki si yake. Ni yetu. Na hapo ndipo tunaposema, mlango usiguswe.

Tuna desturi nzuri hapa ya mtu kurudi kundini. Anapiga magoti, wazee wanamwombea, tunaimba, tunampigia makofi. Basi. Ikifika Jumatatu anaitwa nani? "Yule aliyerudi." Mwaka unapita, bado ni yule aliyerudi. Tunamzunguka, tunainama, tunafunika jicho moja, tunatafuta ule uzi. Na anayetafuta hakosi. Mimi wa kwanza. Namshika mkono mtu wa namna hiyo kama ninayeshika sufuria ya moto, haraka haraka nimwachie. Mungu anisamehe, na ninyi mnisamehe.

Msasa unauma wapi? Unauma pale utakapokwenda kula kwake. Utakapomtuma mtoto wako kwake. Utakapotembea naye kutoka ibadani mpaka njia panda, na watu wakaanza kusema, "Siku hizi huyu yuko na yule." Watasema. Sifa yako, ile ngozi ya juu inayong'aa, itachubuka. Rangi yake kidogo itaingia upande wako. Sikudanganyi kwamba haitaingia. Lakini mpaka hauondoki kwa njia nyingine. Na Bwana wetu, ambaye yeye hakufifia hata kidogo, aliketi kula na watu wa aina hiyo mpaka akasemwa. Sisi tuliofifia tunaogopa kusemwa?

Nimalizie. Leo baada ya wimbo kuna mama anarudi kundini. Mnamfahamu, na lililompata mnalifahamu, hata msinong'onezane. Atapiga magoti hapa mbele, tutaomba, tutaimba. Kisha atainuka, atageuka kutafuta pa kukaa. Benchi zimejaa, naziona. Mimi nitakuwa nimefumba macho katika sala, kwa hiyo sitajua nani alisogea na nani hakusogea.

Yeye atajua.