Ngozi Laini kwenye Ncha ya Fimbo

Mhunzi akivunjikiwa na koleo hali chuma kimo motoni, ana mambo mawili ya kuchagua. Anaweza kuzima moto akaenda kulala. Au anaweza kutafuta kitu kingine cha kushikia chuma chake, hata kama ni kijiti kibichi, kazi ikaendelea. Wahenga walimtazama mhunzi huyo wa pili, wakasema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Watu wa Tandika, wilayani Temeke, waliuona usemi huo ukitimia mbele ya macho yao, juu ya meza ya puli.

Ilikuwa miaka ya tisini, maduka yalipoanza kujaa tena. Watu waliozoea kupanga foleni ya sabuni na sukari sasa waliviona vitu hivyo vimemwagwa hadi barazani, na kila wiki jirani fulani alirudi na redio mpya. Katika mageuzi hayo, Mwishehe, muuza kahawa wa pale mtaani, alinunua meza ya puli iliyokwisha kutumika, akaiweka kwenye banda la bati kando ya jiko lake. Vijana waliizonga kama nzi kwenye embe bivu.

Jirani yake mmoja, Marijani, hakwenda kuitazama. Alikaa kwenye genge lake la mkaa, akisikia mipira ikigongana, ta, ta, na kila ilipogongana aliuficha mkono wake wa kulia chini ya kikoi.

Zamani mkono huo ulikuwa na jina. Wakati Marijani alipokuwa kuli wa bandari, makuli walikuwa na klabu yao ndogo kule Kurasini, na ndani yake meza kuukuu ya biliadi ambayo kitambaa chake cha kijani kilitiwa viraka hadi kikafanana na kanga ya maskini. Hapo Marijani alikuwa akicheza na rafiki yake Didas, Mngoni wa Songea, na watu waliacha ugali ukapoa ili wawatazame. Walitazama mchezo, na walisikiliza maneno pia, maana wawili hao waliitana mtani toka siku ya kwanza, na mtani hana simile.

"Mzaramo ukimwita kazini," Didas alikuwa akisema, "kwanza anauliza kama kuna ngoma."

"Na nyie babu zenu walitembea kwa miguu toka Afrika Kusini mpaka Songea," Marijani alimjibu huku akilenga, "kwa sababu hakuna hata mmoja aliyejua kuuliza njia."

Desturi yao ilikuwa moja: aliyeshindwa humimina kahawa, na aliyeshinda hupokea bila kusema asante.

Kisha siku moja mnyororo uliofunga mzigo ulichomoka, sanduku la mbao likauangukia mkono wa kulia wa Marijani. Kidole cha shahada na cha kati vilikatwa hospitali. Aliyekuwa na zamu ya kukaza mnyororo ule ni Didas. Hakuna aliyemlaumu. Marijani mwenyewe alipozinduka alisema ni kudra ya Mungu, naye alisema kwa moyo mweupe. Lakini aliporudi nyumbani aliichukua fimbo yake ya kuchezea, akaisimamisha nyuma ya kabati, na hakuigusa tena. Didas aliposikia hivyo, naye akaacha kucheza. Aliona kwamba rafiki yake amemsamehe kwa mdomo tu.

Toka hapo Didas hakumtania tena. Alikuwa akifika Tandika na fungu la mihogo au kipande cha samaki, anampa Hamisa, mke wa Marijani, mlangoni. "Shemeji, hiki kidogo," anasema. Halafu anamgeukia rafiki yake: "Habari za leo, bwana Marijani." Anaondoka kabla ya kukaribishwa. Hamisa aliipokea mihogo ile kwa mikono miwili, lakini lile neno "bwana" lilimchoma. Mtani hamwiti mtani wake bwana. Akimwita hivyo, basi kimekufa kitu.

Jioni moja Hamisa alirudi sokoni, akakaa karibu na mumewe bila hata kuvua kanga ya kichwani.

"Baba Najma, nimeonana na Benedicta, mke wa Didas. Kazini wamewapunguza. Wanarudi Songea moja kwa moja mwezi ukiisha."

Marijani alichokoa mkaa kwa kijiti. "Wanarudi?"

"Wanarudi. Mke wake anasema mzee hasemi siku hizi. Anakaa tu."

Usingizi wa Marijani usiku ule haukuja upesi, na asubuhi Hamisa alimkuta amepiga magoti nyuma ya kabati akiivuta ile fimbo. Mti wake ulikuwa umenyooka bado, kwani Hamisa alikuwa akiupaka mafuta ya nazi kila alipofagia huko nyuma, asimwambie mtu. Lakini ile ngozi ndogo ya nchani, inayogusa mpira, ilikuwa imeliwa na mende hadi ikabaki kama ukoko.

Marijani alikwenda mjini kwa Noorali, Mhindi mzee wa madhehebu ya Ithnasheri aliyeuza vifaa vya michezo toka enzi za klabu. Noorali alivaa miwani, akaitazama fimbo, kisha akamtazama mwenye fimbo kwa furaha.

"Marijani wa Kurasini. Mimi nilidhani umehama mji."

"Nipo, mzee wangu. Nataka ngozi mpya. Ile ngumu, kama ya zamani."

Noorali aliutoa mkono kumwamkua. Marijani alisita, kisha akaupa ule mkono wake. Mzee aliushika kwa muda, kama mtu anayepima uzito wa kitu. Halafu akafungua kopo, akaweka juu ya meza ngozi mbili, moja ngumu inayong'aa kama kifungo, nyingine laini, ya rangi ya tende.

"Chukua hii laini, bwana. Ngumu inataka mkono wa nguvu. Ukigusa upande kidogo tu, inateleza. Laini inaushika mpira kwanza, halafu inauachia. Mkono wako haulazimiki kugombana."

Uso wa Marijani ulikunjamana. "Laini ni ya watoto wanaojifunza. Mie nilicheza na ngumu miaka yote."

Noorali hakubishana na mteja. Aliipachika ngumu kwa gundi, akaisugua kwa msasa, akamsihi aiache ikauke hadi kesho yake.

Siku ya pili jioni, Marijani aliingia bandani kwa Mwishehe kwa mara ya kwanza. Vijana walimwamkia kwa heshima, ingawa mmoja aliitazama fimbo akanong'ona, "Mzee kaja na fimbo ya kuchungia." Hamisa alikuwa amekwisha kutuma salamu kwa Benedicta, na Didas alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi, hajui akae wapi.

Marijani aliinama, akalenga kama zamani, akapiga kwa nguvu kama zamani. Fimbo ilizunguka katika vidole vitatu, ile ngozi ngumu ikateleza ubavuni mwa mpira mweupe. Mpira ulijiviringisha kwa aibu kidogo, ukasimama. Alipiga tena, ukaruka juu ya meza, ukaanguka kwenye jiko la kahawa. Vijana walicheka, kisha wakauona mkono wake, wakanyamaza. Kunyamaza kule kulimuuma kuliko kicheko.

Didas aliuokota mpira, akaufuta jivu kwa shati lake, akaurudisha mezani. "Pole sana, bwana Marijani," alisema taratibu.

Marijani aliichukua fimbo yake akatoka. Wakati wa klabu, mtu akirusha mpira jikoni, Didas angemtania kwa wiki nzima. Sasa anampa pole kama mtu aliyefiwa.

Nyumbani alikaa kitandani kuvua shati. Vifungo vilifunguka upesi chini ya dole gumba lake, na kwa mara ya kwanza alivitazama. Vilikuwa vikubwa, vya kahawia, wala havikufanana na shati. Alinyanyuka, akatazama shati lililotundikwa ukutani. Vilevile. Akatazama lile la Ijumaa. Vilevile, na matundu yake yameongezwa kwa sindano, uzi umeshikizwa vizuri pembezoni.

"Mama Najma, hivi vifungo vya wapi?"

Hamisa alikuwa akichambua mchele. "Vya makoti ya mitumba."

"Toka lini?"

"Toka ulipotoka hospitali."

Marijani alilishika lile shati la Ijumaa kwa muda mrefu. "Mie nilidhani mkono unapona."

"Shati si unavaa mwenyewe?"

"Navaa."

"Basi," alisema Hamisa, akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Marijani alikaa akifunga na kufungua kifungo kimoja, akafunga tena. Mkono haukuwa umerudi kuwa ule wa zamani, wala usingerudi. Hata hivyo, miaka yote hiyo alikuwa amekwenda msikitini shati lake limefungwa hadi shingoni, bila kumwita mtu amsaidie.

Asubuhi alirudi kwa Noorali. Mzee huyo hakusema "nilikwambia," na hiyo nayo ni sadaka. Aliitoa ngozi ngumu kwa kisu, akaipachika ile ya rangi ya tende, na alipoulizwa bei alisema kwamba watafanya hesabu siku nyingine. Kisha, kila baada ya swala ya alfajiri, Mwishehe alipokuwa akiwasha mkaa wa kahawa, Marijani alikuwa peke yake mezani. Aliacha kupiga kwa nguvu. Alijifunza kuusukuma mpira kwa upole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, na ngozi ile ikaushika mpira na kuupeleka. Asubuhi moja aliuona mpira mweupe ukigonga mwenzake kisha ukarudi nyuma hadi karibu yake, kana kwamba umeitwa kwa jina. Mwishehe alisahau jiko lake, kahawa ikafurika.

Jumapili ya mwisho kabla ya safari, Didas aliletwa na mkewe baada ya misa. Banda lilijaa. Marijani alimpa fimbo ya kuazima, akapanga mipira.

Walicheza. Haukupita muda, Didas akapata mpira uliokaa mdomoni kabisa mwa shimo. Aliulenga, akaukosa, akaondoka haraka mezani akitazama chini.

Marijani aliegemeza fimbo yake. "Mngoni."

Didas aliinua kichwa. Hakuwa amesikia jina hilo toka siku ya mnyororo.

"Mpira ule hata kuku wangu angeutia."

"Umeniponyoka."

"Haukukuponyoka. Umenipa sadaka. Sadaka ipeleke huko kwenu kanisani ulikotoka sasa hivi. Mie nimekuja kucheza." Akauweka mpira pale ulipokuwa. "Rudia."

Didas alimtazama, akautazama ule mkono wenye vidole vitatu ulioshika fimbo bila kujificha. Akainama, akautia. Kisha akatia mwingine, na mwingine. Zamu ya Marijani ilipofika, alisukuma kwa upole wake mpya. Mipira yake ikaingia mmoja baada ya mwingine, huku mweupe ukimfuata kama mbuzi aliyemzoea mchungaji wake. Wale vijana waliocheka siku ile walisogea, shingo zikarefuka. Ulibaki mpira mweusi. Marijani aliupiga vizuri, ukaenda, ukafika mdomoni mwa shimo, ukatikisika, ukasimama.

Didas sasa alikuwa na nafasi nyeupe kama unga. Alingoja kidogo. Marijani naye alikuwa akimtazama, na macho yake hayakuomba huruma. Didas aliutia mpira mweusi.

Didas aliegemea fimbo, akasafisha koo.

"Mzaramo," alisema, "watu wamekukata vidole viwili, na bado unacheza vibaya vilevile kama ulipokuwa na vyote."

Kijana mmoja alishtuka. "Ah, mzee, hiyo si vizuri."

Lakini Marijani alikuwa ameanza kucheka. Alicheka akajishika meza, akacheka hadi machozi yakashuka kwenye kola ya shati lake la Ijumaa. Nyuma ya watu, Hamisa na Benedicta walishikana mikono chini ya kanga.

Aliyeshindwa ana kazi yake. Marijani alikwenda jikoni, akalishika birika kwa mkono wa kulia, mbele ya watu wote, akamimina. Kahawa kidogo ilimwagika kwenye kisahani. Didas alikipokea kikombe, akanywa, wala hakusema asante.

Siku ya safari Marijani alikwenda kituoni na fungu la mihogo. Aliliingiza dirishani mwa basi, akamwambia rafiki yake, "Safari hii, mtani, uliza njia."

Kisha alirudi Tandika, akaichukua fimbo yake yenye ngozi ya rangi ya tende, akaingia bandani kwa Mwishehe ambako vijana walikuwa wamemwachia nafasi. Ama kweli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.