Kibuyu cha Mshono

Nisikilizeni, na mwenye kiu avumilie, maana hata hao ninaosimulia habari zao walikuwa na kiu.

Mwaka huo mvua iligoma. Kisima kilichobaki kilikuwa mwendo wa nusu siku, na asiye na kibuyu hakuwa na maji. Jua likavipasua vibuyu vya zamani, na mimumunye mipya ya kutoa vingine ikakauka shambani.

Sungura akaanza kuokota vilivyotupwa. Alitoboa kando ya ufa, akashona kwa ukindu, akaziba kwa nta. Ujira wake ulikuwa fungu la karanga, na kwa karanga hizo wanawe walikula.

Mwanzoni walimcheka. "Mimi nibebe kiraka?" alisema Nyani, ambaye hata kibuyu hakuwa nacho.

Kisha kibuyu cha Simba nacho kikapasuka, akashonewa. Kiburi hakikumruhusu kukiri kwamba anatumia kikuukuu, basi akatangaza kuwa mshono ni pambo la kifalme. Kesho yake kila mnyama alitaka mshono, na Nyani ndiye aliyetangulia.

Fisi akaingiwa na donge. Pangoni alikuwa ameficha vibuyu kumi vizima. Kushona vikuukuu kunachosha, kwa hiyo akavitoboa vile vizima, akavipitisha ukindu, na kwa kuwa penye nta pana nyuki, akaziba matundu kwa shahamu. Jamani, kutoboa kibuyu kizima wakati wa kiangazi!

"Mfalme," akasema, "vibuyu vya Sungura vimetupwa mara moja tu. Vyangu vimetupwa mara mbili, nikavifufua mara mbili."

Simba hakuelewa, lakini alitikisa kichwa kama aliyeelewa. "Kuanzia leo kazi ya mshono ni ya Fisi. Sungura, acha."

Sungura aliumia sana. Karanga za nyumbani zilikuwa za siku mbili. Akasogea, akanusa kibuyu kimoja cha Fisi, akainama kwa heshima.

"Sina neno, Mfalme. Naomba tu Bwana Fisi akuletee maji mwenyewe, kwa vibuyu vyake vyote, kesho mchana."

"Kumbe una adabu," akasema Fisi.

Kesho yake Fisi akajaza vibuyu kisimani, akavitundika kwenye mti wa mzega, akaubeba begani. Jua likapanda, shahamu ikalainika, ikaanza kunukia. "Tundu moja tu," akajiambia, akaramba.

Mbele ya raia wote, Simba akainamisha kibuyu cha kwanza, cha pili, mpaka cha kumi. Koo lake lilikuwa kavu.

"Maji yangu yako wapi?"

"Yamevuja, Mfalme. Mishono hii ni ya zamani mno."

"Na hayo mafuta mdomoni?" akauliza Sungura.

Sungura akamletea Simba kile kibuyu kikuukuu alichomshonea, kimejaa pomoni. Simba akanywa mpaka tone la mwisho, kisha akasema alijua tangu mwanzo.

Sungura akarudishiwa kazi yake, na vile vibuyu kumi vikazibwa upya kwa nta. Anayekwenda kurina nta hiyo ni Fisi, na nyuki sasa wanamjua kwa jina. Njia ya mwongo ni fupi.